Maharamia wa Saa Tisa

Kazi yangu ni kuchana tiketi na kushika tochi.
Filamu yenyewe sijaiona nzima;
nimeiona vipande vipande, kama mtu anayekula pilau ya harusi
akiwa amesimama mlangoni.
Ninachokijua vizuri ni nyuso.

Ghorofa ya pili, mtaa wa Luthuli, juu ya duka la spika
ambalo huanza kujaribu besi zake saa tisa kamili,
kwa hiyo merikebu ya anga ikipaa
sakafu yetu nayo hutetemeka,
na watu husema, ukumbi huu una mitambo!
Mimi hunyamaza. Sifa ya bure hairudishwi.

Jumamosi walikuja wengi.
Mvua iliwafukuza barabarani:
Mutindi na beseni lake la avokado,
wauza soksi watatu, vijana wabeba mizigo wa Nyamakima,
mama mmoja na watoto watano kwa tiketi tatu
(nilihesabu, nikasahau).
Na nyuma kabisa, kiti cha mwisho, koti la kiraia juu ya sare,
Khaemba, askari wa jiji.
Waliokaa mbele hawakumwona.

Nahodha wa maharamia ni ajuza mwenye taya la bati.
Akicheka, cheche zinamtoka.
Mtoto wa kwanza alilia hapo. Wa pili akamcheka.
Wa tatu akauliza kwa sauti ya kuamsha mtaa,
"Akipiga mswaki, anatumia msasa?"
Ukumbi ukapasuka,
hata aliyelia akacheka, kamasi ikimfika mdomoni.

Kisha meli ya ushuru.
Inachomoza nyuma ya mwezi, nyeupe, taa zikizunguka,
na kila mchuuzi wa nyota ndogondogo
anakunja turubai lake, anakimbia.
Hapo sikuhitaji kutazama skrini.
Wauza soksi walikuwa wamesimama.
"Kanjo hao! Pita kushoto! Kushoto, nyanya!"
Mutindi alilikumbatia beseni kifuani
kana kwamba mkono ungetoka ukutani ulichukue.

"Kwani haramia ni nani hapa?" akauliza mmoja wa Nyamakima.
"Huyo nyanya."
"Ameiba nini?"
"Mkia wa kimondo."
"Mkia ulikuwa wa nani?"
Hakuna aliyekuwa na risiti.

Nilimulika nyuma kwa bahati mbaya, au tuseme hivyo.
Ajuza alikuwa amerukia meli ya ushuru,
ameukamata usukani,
na yule ofisa mnene amejificha ndani ya pipa la faini.
Khaemba alicheka. Si kicheko cha adabu;
kicheko cha mtu aliyetekenywa na adui.
Akapiga goti kwa kiganja,
akaiona tochi yangu,
akajifunika uso kwa kofia ambayo hakuwa ameivaa.

Mwisho walipiga makofi.
Wengine walisema katuni ni za watoto,
na macho yao mekundu.
Kijana mmoja alilalamika kwamba anga limepakwa rangi nyingi mno,
usiku haufanani vile.
"Wewe usiku umeuona wapi," akasema Mutindi,
"na taa hizi za Nairobi?"

Hodan, wa miaka saba hivi, hakutoka.
Alitaka kujua nahodha atalala wapi,
maana merikebu imelipuka
na nyota zote amezigawa.
Nikamwambia filamu imekwisha.
"Najua imekwisha. Nauliza atalala wapi."

Nilifagia bisi, maganda ya karanga,
soksi moja mpya, lebo yake bado,
na chini ya kiti cha mwisho, filimbi.
Nikaiweka kwenye sanduku la vilivyopotea
pamoja na meno bandia na ufunguo wa mtu wa Ngara.

Jumatano alikuja kuiulizia.
Nikamwuliza ilikuwa ya rangi gani.
Akafikiri.
Akamtazama ajuza kwenye bango la ukutani,
taya lile, cheche zile.
"Wacha tu," akasema.
"Nipe tiketi ya saa tisa."